Kabla ya Daftari la Vita, Daftari la Uzazi

Hoja iko mezani: je, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo itunge sheria ya kumwandika kila kijana anayetimiza miaka 18 katika daftari la watu wanaoweza kuitwa jeshini, kama Marekani inavyowaandika vijana wake wa kiume?

Katiba imekwisha kuufungua mlango huo. Ibara ya 63 ya Katiba ya 18 Februari 2006 inasema kwamba kuilinda nchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, kisha inaruhusu utumishi wa lazima wa kijeshi uanzishwe kwa masharti yatakayowekwa na sheria. Maneno hayo yalilala kitabuni kwa miaka mingi, mpaka vita vya mashariki vilipoyaamsha. Juni 2022 Bunagana iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Tarehe 3 Novemba mwaka huo Rais Félix Tshisekedi alilihutubia taifa, akawataka vijana wajiunge na jeshi na wajipange katika makundi ya ulinzi. Mwaka 2023 ikaja sheria ya kuunda jeshi la akiba. Januari 2025 Goma ikaanguka, na Februari ikawa zamu ya Bukavu. Tangu hapo swali la nani aende vitani limefika hata kwenye vivuko vya mto Luapula, mamia ya kilomita kutoka uwanja wa mapigano.

Kasenga ina haki ya kulijadili swali hilo. Ni mji wa samaki na wa mpaka: huku ni Haut-Katanga, ng'ambo ya mto ni Zambia, na Lubumbashi iko kilomita zipatazo 200 kwa barabara. Watu wa upande huu wanajua vita vinavyofika bila kualikwa. Desemba 2000, Pweto ilipotekwa, raia na askari kwa maelfu walivukia Zambia pamoja, kila mmoja akitafuta salama yake.

Sauti tano zinazofuata nimezipanga mimi mwandishi kutokana na hoja zinazozunguka katika jambo hili, na sikuzipa majina. Yupo ajida mstaafu wa jeshi. Yupo mwalimu wa historia wa sekondari. Yupo mama anayeuza samaki. Yupo kijana mwenye dipuloma ya Leta na asiye na kazi. Na yupo mgeni, mtoto wa Luapula aliyekimbilia Zambia akiwa mdogo, akakulia katika kambi ya Kala, kisha akapelekwa Marekani pamoja na wazazi wake.

AJIDA: Nianze mimi, kwa kuwa ndiye niliyevaa nguo hizo. Nchi inayopakana na nchi tisa, yenye ardhi ya zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili, hailindwi kwa kubahatisha. Tunafanyaje leo? Vita vikiwaka, redio inaita. Vijana wanapanda malori, wengine kwa moyo, wengine kwa njaa. Nani amebaki nyumbani, hatujui. Nani ni fundi wa injini, nani muuguzi, nani anaweza kusoma ramani, hatujui. Daftari linamwonyesha mkuu wa jeshi watu alionao kabla adui hajagonga mlango. Kuliandika jina la mtu siyo kumkabidhi bunduki. Wamarekani wamelielewa hilo zamani.

MGENI: Ni kweli, Papa Ajida, na jina langu limo katika daftari lao. Sheria inamtaka mwanaume yeyote anayeishi kule ajiandikishe ndani ya siku 30 tangu kutimiza miaka 18, na wajibu huo unamfuata mpaka atimize 26. Idara yenyewe inaitwa Selective Service. Haiwagusi raia peke yao. Mkimbizi yumo, aliyeomba hifadhi yumo, hata asiye na karatasi yumo. Wanaoachwa ni watu kama wenye viza halali ya masomo au ya matembezi. Nilipojaza fomu ile Kiingereza changu kilikuwa bado cha kambini, na mama yangu alilia. Alidhani tumekimbia vita vya Kongo ili nikafie katika vita vya watu wengine. Lakini sikuitwa, wala hakuna kijana aliyeitwa kwa nguvu tangu mwaka 1973.

KIJANA: Kama hawaiti mtu, wanaandika kwa ajili gani?

MGENI: Wanaandika kwa ajili ya siku wasiyoijua. Waliandika na kuita mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza. Wakaanza tena 1940, kabla hata ya kuingia katika ile ya pili. Wakati wa Vietnam waliwaita vijana zaidi ya milioni 1.8. Mwanzoni wenye nafasi chuo kikuu waliruhusiwa kusubiri, kwa hiyo mtoto wa maskini alitangulia mbele. Watu walilalamika mno, hata tarehe 1 Desemba 1969 serikali ikapiga kura ya bahati nasibu kwa tarehe za kuzaliwa: tarehe yako ikitoka mapema, unaondoka. Mwaka 1973 wakaacha kuita, na 1975 wakaacha hata kuandika. Wasovieti walipoingia Afghanistan, Rais Jimmy Carter akalirudisha daftari mwaka 1980, na lipo mpaka leo.

KIJANA: Na asiyejiandikisha?

MGENI: Kitabuni, kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi dola 250,000. Kwa vitendo, hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa kosa hilo tangu katikati ya miaka ya 1980. Adhabu yenyewe inakujia kwa njia ya pembeni. Unakosa kazi katika serikali ya taifa. Na kwa sisi wageni, ukikwepa kwa makusudi, ombi lako la uraia linaweza kukataliwa.

MWALIMU: Nataka tumkumbuke mtu mmoja ambaye kila mzee wa nchi hii anamjua. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, Muhammad Ali aliitwa jina lake ili apige hatua mbele na kuwa askari. Hakupiga hatua hiyo. Alihukumiwa miaka mitano na faini ya dola 10,000, akavuliwa ubingwa, akazuiwa kupigana katika miaka ambayo mwili wake ulikuwa na nguvu kuliko zote. Lakini alikata rufaa akiwa nje, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hukumu ile. Ndiyo maana tarehe 30 Oktoba 1974 aliweza kusimama Kinshasa na kumwangusha George Foreman. Tulimshangilia kama ndugu yetu. Sasa najiuliza: siku ile kijana wa Zaire aliyeikataa amri ya askari angekwenda kwa hakimu gani? Nchi inayoita vijana kwa sheria inapaswa pia kuwa na mahali ambapo kijana anaweza kusema hapana akasikilizwa.

MAMA: Mwalimu amenitangulia. Ninyi wanaume mnazungumzia daftari kama kitu kipya. Sisi tumekwisha kuandikwa. Hebu eleza, Mwalimu, jinsi mababu walivyoandikwa.

MWALIMU: Jeshi la kwanza la nchi hii, Force Publique, liliundwa na Leopold wa Pili katika miaka ya 1880. Amri ya 1891 iliweka utaratibu wa kukusanya vijana kwa idadi: eneo linaambiwa watu kadhaa, na chifu anatafuta wa kuwatoa. Chifu hakumtoa mwanawe. Alimtoa mtumwa, yatima, mgomvi, mtu asiye na ndugu wa kumtetea. Jeshi hilo lilifanya mambo makubwa, siwezi kulificha hilo. Tarehe 19 Septemba 1916 liliingia Tabora baada ya kuwasukuma Wajerumani. Lakini nyuma ya askari walikuwapo wapagazi zaidi ya 200,000, na wengi wao hawakurudi. Vita vya pili vilipokuja, Wabelgiji walipandisha siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Na mwaka 1944 askari wenyewe waliasi Luluabourg.

MAMA: Sasa sikilizeni. Mto huu umewaokoa watu wengi: waliokimbia kodi, waliomkimbia mwenye kuandika, waliokimbia vita. Ng'ambo kuna shangazi zetu na wajomba zetu; lugha ni moja na kaburi la babu ni moja. Mkija na daftari la nguvu, asubuhi mtakuta akina mama na wazee tu. Vijana wote watakuwa wamelala Zambia. Papa Ajida, utaandika nani?

AJIDA: Mama, uchungu wako naujua. Lakini wale walikuwa wageni wakitupeleka katika vita vyao. Leo nchi ni yetu. Na nikuulize: tulipokosa daftari la haki, tulipata nini? Tulipata wenye bunduki wasio na orodha. Askari wa Katanga wa mwaka 1960, Moïse Tshombe alipojitenga, walipigana mpaka Januari 1963. Baadaye wengi wao wakaishia Angola, na mwaka 1977 na 1978 wakarudi na vita Shaba mpaka Kolwezi. Mtu aliyefundishwa kupigana na kisha akasahauliwa hageuki kuwa mkulima kwa sababu tu wakubwa wametia saini karatasi.

MAMA: Hapo umesema kweli, na mimi niongeze ile iliyotupata sisi. Wakati wa vita vya 1998, serikali iliwapa Mai-Mai wa Katanga silaha wapigane na waasi na Warwanda. Tuliambiwa ni watoto wetu, ni wazalendo. Vita vilipotulia bunduki zikabaki. Kati ya Mitwaba, Manono na Pweto watu walichomewa nyumba na watoto hao hao, mpaka eneo lile likaitwa pembetatu ya kifo. Gédéon Kyungu, mkuu wao, alijisalimisha mwaka 2006, akatoroka gereza la Kasapa mwaka 2011, na moto ukawaka upya. Kwa hiyo leo nikisikia redioni neno wazalendo, nashika watoto wangu mikono.

MWALIMU: Mama, hoja yako inalipinga daftari, lakini pia inalitetea. Ibara ya 190 ya Katiba inakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake au kuwa na vijana wenye silaha, na inaliita kosa hilo uhaini mkubwa. Wale Mai-Mai walipewa bunduki bila jina, bila namba, bila kamanda wa kujibu mbele ya sheria. Kama mtu aliyechukua silaha angekuwa ameandikwa, tungejua nani alipewa nini, na nani wa kurudisha. Jeshi la raia linaloitwa kwa sheria lina hatari zake. Kundi linaloitwa kwa hotuba ni hatari zaidi.

MAMA: Sikatai kuandika, Mwalimu. Nauliza anayeandika ni nani, na je, naye ameandikwa mahali fulani ili nimdai.

KIJANA: Mimi ndiye mnayenizungumzia, kwa hiyo naomba niseme. Nilipata dipuloma, nikakaa. Barabara ya Lubumbashi naijua kwa sababu nimesukuma magari ya samaki matopeni. Nikisikia Goma imeanguka, moyo unaniuma; nadhani hakuna kijana wa Kongo ambaye haukumuuma. Lakini najua pia ninachoahidiwa. Machi 2024 serikali iliondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo. Julai mwaka huo mahakama ya kijeshi huko Kivu ya Kaskazini iliwahukumu kifo askari 25 kwa kosa la kumkimbia adui. Sawa, askari hakimbii. Lakini kama mimi nikikimbia nina adhabu ya kifo, anayekula mshahara wangu ana adhabu gani? Anayechelewesha risasi? Na nikifa, mama yangu ataambiwa na nani?

AJIDA: Mwanangu, sitakudanganya, maana nimezika wenzangu. Daftari la jeshi lenyewe liliwahi kuwa na ugonjwa. Wakati majeshi yalipochanganywa baada ya vita, mshahara ulipitia mikononi mwa kamanda. Majina yalikuwa mengi kuliko watu: waliokufa walilipwa, na walio hai wakakosa. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulisaidia kuwahesabu askari mmoja mmoja kwa alama za vidole na kutenganisha mkono unaolipa na mkono unaoamuru. Ndipo ikaonekana ni wangapi hawakuwapo. Machi 2025 Rais aliagiza mshahara wa askari na polisi uongezwe maradufu. Ni hatua, na mjane wa askari ana haki ya kudai hatua nyingine. Lakini unaona? Hata hapo dawa ilikuwa kuandika vizuri.

KIJANA: Basi Papa, waandike vizuri kwanza walio ndani, kabla ya kuniandika mimi niliye nje.

MAMA: Na umri je? Mwaka 1996 na 1997 tuliwaona kadogo wakipita na Laurent-Désiré Kabila kuelekea Lubumbashi na Kinshasa. Bunduki iliburuta chini kwa sababu mwenyewe alikuwa mfupi kuliko mkanda wake. Kila aliyeulizwa alisema ana miaka 18. Nani angebisha? Hakuwa na karatasi.

MWALIMU: Jambo hilo lilifika mpaka The Hague. Thomas Lubanga, wa Ituri, alikuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Machi 2012, kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Alipewa kifungo cha miaka 14. Sehemu ngumu ya kesi ile ilikuwa kuthibitisha umri. Wataalamu walileta picha za mifupa na meno, na upande wa utetezi ukazipinga. Mwishoni majaji walitegemea sana picha za video, wakitazama nyuso za watoto ambao bila shaka hawakuwa wamefika 15. Fikirini: mahakama kubwa ya dunia inatazama filamu ili ijue umri wa mtoto wa Kongo, kwa kuwa nchi yake haikuandika siku aliyozaliwa. Na sheria yetu wenyewe ya kumlinda mtoto, ya Januari 2009, inakataza kumwingiza jeshini mtu wa chini ya miaka 18. Sheria ipo. Kinachokosekana ni cheti cha kuionyesha.

MGENI: Hapo ndipo naona tofauti kubwa na Marekani. Sheria ya ulinzi iliyotiwa saini Desemba 2025 inaelekeza kwamba badala ya kijana kujaza fomu, serikali itamwandika yenyewe kwa kutumia rekodi ilizonazo. Inaweza kufanya hivyo kwa kuwa vijana wengi wameandikwa tayari katika rekodi hizo. Na sina haja ya kwenda mbali. Vukeni mto. Mzambia akifika miaka 16 anapata kadi yake ya taifa. Sisi je?

MWALIMU: Sisi tulihesabiwa mara ya mwisho mwaka 1984, Mobutu akiwa madarakani. Kijana huyu hakuwa amezaliwa. Kitambulisho tunachotumia ni kadi ya mpiga kura, tunayopewa kila uchaguzi ukikaribia. Watu wazima wachache wakishuhudia kwamba huyu ni wetu na umri wake ni huu, imekwisha. Watoto wengi walijiongezea miaka ili wapate kadi ya kuonyesha njiani. Kadi hiyo hiyo ikitumika kuandikia jeshi, tutampeleka vitani mtoto wa darasa la tatu la sekondari, na karatasi itasema ni mtu mzima.

MAMA: Lipo na jingine. Kwa nini wavulana tu?

MGENI: Swali hilo lilifika katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1981. Majaji walisema wanawake hawaruhusiwi kupigana mstari wa mbele, kwa hiyo si lazima waandikwe. Baadaye jeshi lilifungua nafasi zote kwa wanawake, lakini daftari limebaki la wanaume.

MAMA: Katiba yetu inasema kila Mkongomani, haikusema kila mvulana. Sisemi binti zangu wapelekwe vitani. Nasema kama kuilinda nchi ni haki, msiwanyime. Na kama ni mzigo, msijifanye kwamba wanawake hawaubebi. Askari wakikimbia, nani anabaki na watoto kwenye kivuko?

AJIDA: Mama amesema. Basi tutazame majirani waliofanya jambo hili. Tanzania ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, na kijana wa kule anajifunza nidhamu, kilimo na silaha. Hapa kwetu tuna Service National tangu 1997, na Kaniama-Kasese vijana wanalima mahindi tunayokula kwa bukari. Kwa nini tusiunganishe hayo?

MWALIMU: Mfano wa Tanzania una somo ndani yake. Mwaka 1966 serikali ilipotaka wasomi wapitie jeshi hilo kwa lazima, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana Oktoba, wakilalamikia kukatwa mishahara yao huku wakubwa wakiishi vizuri. Julius Nyerere aliwafukuza karibu 400. Lakini hakuishia hapo: alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliwaonyesha kwamba wajibu unaanzia kwa anayeuamuru. Utaratibu wa lazima ulisimamishwa mwaka 1994 ukarudishwa 2013. Sasa tazameni upande wa pili, Eritrea. Sheria yao inasema miezi 18 ya utumishi. Tangu vita vya 1998 na Ethiopia, miezi hiyo imekuwa miaka isiyo na mwisho, na vijana wamekuwa wakivuka jangwa na bahari kuikimbia. Sheria mbili zinaweza kufanana kwa maneno. Kinachozitofautisha ni kama mkubwa naye anafungwa nayo, na kama mwisho wake unajulikana.

KIJANA: Basi nami nitaje masharti yangu. Nikiandikwa, mtoto wa waziri aandikwe mbele yangu. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zijulikane. Mshahara ufike kwangu bila kupita mfukoni mwa mtu. Nikijeruhiwa nitibiwe, nikifa nyumbani waambiwe. Dhamiri yangu ikinikataza kuua, nipewe kazi nyingine ya taifa, na hakimu anisikilize. Mkinipa hayo kwa sheria, nitavuka mto kurudi nyumbani niandikwe. Bila hayo, Mama anajua nitakapolala.

AJIDA: Kijana, ningekuwa na umri wako leo, ningedai hayo hayo. Sibadili neno langu: nchi bila daftari itaendelea kuzima moto kwa mikono. Lakini nakubali kwamba jeshi lililoandikwa vibaya linamuua askari kabla ya adui.

Hapa nawaacha wasemaji wangu, nami nitoe uamuzi wangu.

Nimesikiliza hoja ya Ajida na naiheshimu. Nchi iliyopoteza Goma na Bukavu ndani ya majuma machache haina anasa ya kusema ulinzi ni kazi ya wengine. Wito wa Novemba 2022 ulijibiwa na vijana wa kweli wenye mapenzi ya kweli, na mtu asiwadharau. Lakini daftari la kuitwa jeshini, likiandikwa leo, litaandikwa juu ya hewa. Tutatumia kadi za kura kupima umri, na njia pekee ya kufikia idadi itakuwa ile ya mwaka 1891: chifu anaambiwa hesabu, na asiye na mtetezi ndiye anayetolewa. Mwenye jina kubwa atapata barua ya daktari, na mwenye ndugu Zambia atavuka. Atakayebaki kuandikwa ni mtoto wa maskini asiye na karatasi wala mto.

Kwa hiyo napinga hoja kama ilivyowekwa, na naweka nyingine mahali pake. Kazi ya kwanza ya ulinzi wa nchi hii ni kuwaandika watu wake kama raia. Sheria ya familia inamtaka mzazi aandikishe uzazi ndani ya siku 90, bila malipo. Katika teritwari kama Kasenga, ambako kijiji kinaweza kuwa siku nzima ya safari kutoka ofisi ya eta sivili, siku hizo 90 zinapita mama bado yuko kitandani au shambani. Leta iwapeleke waandishi wake kwenye zahanati, kliniki za chanjo, parokia na vivuko. Sensa ifanyike, baada ya zaidi ya miaka 40. Kitambulisho cha taifa kitolewe kwa kila mtu, kisitegemee uchaguzi. Kazi hii haihitaji bunduki hata moja, na matunda yake yanamfikia mtoto wa shule, mgonjwa, mrithi wa shamba na mpiga kura. Inamlinda pia mtoto wa miaka 14 anayeambiwa aseme ana 18.

Baada ya hapo, Bunge likitaka kuitumia ibara ya 63, lije na sheria inayojadiliwa hadharani, yenye masharti aliyoyataja kijana na yenye swali la Mama ndani yake. Iwafunge walio juu kabla ya walio chini. Ibara ya 189 inataka jeshi liwe na uwakilishi wa haki wa mikoa yote. Iongeze na haki ya nyumba zote, kubwa na ndogo. Na orodha ya walio jeshini tayari isafishwe kwanza, ili kijana aone kwa macho yake jinsi nchi inavyowatunza waliokwisha kuitika.

  Hata kule Marekani, daftari la askari liliwaonea maskini mpaka wananchi walipolia kwa sauti. Sisi tukianza na paa kabla ya msingi wa kuwaandika raia, nyumba itatuangukia.

Kwa wabunge wa Haut-Katanga watakaoulizwa kuhusu utumishi wa lazima, dai la Kasenga ni moja na linaeleweka: leteni ofisi ya uzazi kijijini kabla ya kuleta orodha ya vita. Na kwa wazazi wa Luapula: mtoto aliyezaliwa wiki hii aandikishwe kabla ya siku 90. Nchi inayoweza kusema mtoto huyu alizaliwa lini, wapi na kwa nani, imepata haki ya kumuuliza, atakapotimiza miaka 18, kama yuko tayari kuilinda. Nchi isiyoweza kusema hivyo bado ina deni kwake.